Walizaliwa salama, wakafa kesho yake: uchambuzi wa kisa cha msimu mmoja wa kondoo kuzaa

Shamba na watu wake

Shamba lenyewe ni dogo: kondoo majike 28, dume mmoja, zizi lenye paa, na watu wawili. Mwenye shamba ni mama aliyefuga kondoo miaka mingi. Anayemsaidia ni kijana wa mdogo wake, naye humwita mama mkubwa. Majina, mahali na mwaka vimeondolewa, na baadhi ya idadi zimeguswa kidogo ili shamba lisitambulike, lakini mfuatano wa mambo haukubadilishwa. Habari zimetoka kwenye daftari la shamba, kwa wao wawili, na kwa daktari wa mifugo aliyeitwa.

Kondoo hubeba mimba siku 147 hivi. Wapo wanaozaa siku ya 142 na wapo wanaofika 152. Ukijua siku aliyopandwa, unajua wiki atakayozaa. Hapa dume aliachwa na majike karibu miezi miwili bila kupakwa rangi kifuani ya kumtia alama kila jike anayempanda, kwa hiyo hakuna aliyejua jike yupi alipandwa lini. Wala hakuna jike aliyepigwa picha ya tumbo ili ijulikane kama amebeba mmoja, pacha au watatu. Wote walikuwa kundi moja, na wote walilishwa kwenye hori moja.

Hori hilo lilikuwa na urefu wa mita 6 hivi. Jike mwenye mimba kubwa anahitaji karibu sentimita 45 za hori ili ale chakula cha nguvu bila kusukumwa. Kwa majike 28 hesabu inapita mita 12. Maana yake, kila asubuhi nusu ya kundi ilikula na nusu ikazunguka nyuma ikitafuta mwanya. Hakuna aliyeliona hilo kuwa tatizo, kwa sababu hori lilibaki tupu kila siku, na hori tupu huonekana kama dalili njema.

Kondoo naye ana mtego wake: sufu. Aliyekonda akiwa na manyoya mengi na tumbo la mimba huonekana mnene. Macho hayatoshi, ni lazima mkono ubonyeze mgongoni, nyuma kidogo ya ubavu wa mwisho, usikie kama ncha za mifupa ni kali au zimefunikwa na nyama. Alama hutolewa kuanzia 1 kwa aliyekonda kabisa hadi 5 kwa aliyenenepa kupita kiasi, na anayekaribia kuzaa hutakiwa awe kwenye 3 au juu yake kidogo. Msimu huo hakuna mgongo ulioguswa kabla ya matatizo kuanza.

Jike aliyejitenga

Wiki tatu hivi kabla ya mtoto wa kwanza kuzaliwa, jike mmoja mzee aliacha kuja horini. Alisimama peke yake pembeni, akisaga meno, na alipofukuzwa atembee alikwenda moja kwa moja hadi akagonga uzio kana kwamba haoni. Mwenye shamba alidhani ni minyoo. Alikuwa na sababu: msimu uliotangulia minyoo ilikuwa imewasumbua sana, na jike huyo alikuwa miongoni mwa walioathirika. Akampa dawa ya minyoo, akangoja.

Kesho yake jike alikuwa amelala chini. Daktari alimchoma kalsiamu chini ya ngozi kwanza, kwa kuwa upungufu wa kalsiamu kwa kondoo mwenye mimba hufanana sana na hali ile, na ukiwa ndio wenyewe mnyama huamka baada ya muda mfupi. Huyu hakuamka. Kipimo cha damu kilionyesha ketoni nyingi. Yaani mwili ulikuwa umekosa nguvu kutoka kwenye chakula, ukaanza kuyeyusha mafuta yake wenyewe kwa kasi ambayo ini halikuweza kuihimili. Alinyweshwa propilini glikoli, kimiminika cha kuupa mwili nguvu haraka, na kupewa glukosi, akafa siku ya pili. Alipopasuliwa, ini lilikuwa la manjano, limejaa mafuta, linakatika chini ya kidole. Tumboni mlikuwa na wanakondoo watatu.

Daktari alishauri majike wengine wote waguswe migongo na waliokonda watengwe. Mwenye shamba alisikia, ila alilichukua tukio kama ugonjwa wa kondoo mmoja: mzee, meno yameisha, watoto watatu tumboni. Alichofanya ni kuongeza pumba. Aliziongeza kwenye hori lile lile.

Wiki ya kwanza ya kuzaa

Majike 10 walizaa ndani ya siku 8, watoto 16. Kijana alihamia karibu na zizi, akilala kwa vipande na kuamka kila saa kutazama nani ameanza uchungu. Kwa upande wa kuzalisha, kazi yao ilikuwa nzuri na inastahili kuelezwa.

Usiku mmoja chupa ya jike ilipasuka, saa nzima ikapita akisukuma bila maendeleo, kisha ikatokea miguu mitatu. Kijana alinawa, akavaa glavu, akatia kilainishi, akaingiza mkono bila kuvuta chochote. Alipapasa viungo vya kila mguu. Mguu wa mbele, viungo viwili vya chini hukunjika upande mmoja. Wa nyuma, viungo hivyo hukunjika pande mbili tofauti. Yote mitatu ilikuwa ya mbele, kwa hiyo walikuwa watoto wawili wanaogombania njia. Akaufuata mguu mmoja hadi begani, toka begani hadi shingoni, akarudi hadi mguu wa pili wa mtoto yule yule, ndipo akamrudisha mwenzake ndani kidogo na kumtoa wa kwanza. Dakika chache baadaye wa pili akafuata. Wote wawili hai, jike salama, na hakuna aliyeharakishwa.

Mmoja wa pacha hao alikutwa amekufa mchana uliofuata.

Ndivyo wiki ilivyokwenda. Kati ya watoto 16, mmoja alizaliwa amekufa, na 5 walizaliwa wakasimama, wakatembea, kisha wakafa kabla ya kutimiza siku mbili. Usiku ulikuwa wa baridi na mvua, kwa hiyo baridi ndiyo ikalaumiwa. Uamuzi uliofuata ulilingana na lawama hiyo: kila mtoto aliyeonekana mnyonge alibebwa ndani ya nyumba, akawekwa kwenye sanduku chini ya taa ya joto.

Sanduku hilo lilileta mambo mawili ambayo hawakuyategemea. Watoto wawili waliolala humo usiku kucha waliporudishwa zizini, jike mmoja alimkataa wake kwa kichwa, akimtupa kila aliposogea kiweleni. Jike humjua mtoto wake kwa harufu, na saa za mwanzo ndizo za kujifunza harufu hiyo. Jambo la pili lilitisha zaidi. Mtoto aliyeokotwa alfajiri akiwa baridi na amelegea aliwekwa chini ya taa, akaanza kupata joto, kisha akanyoosha miguu, akarusha kichwa nyuma, akatetemeka na kufa. Kijana alisema, “Mama mkubwa, huyu alikuwa anapona.”

Mizoga mitatu

Mwenye shamba alikuwa na desturi ya kufukia mizoga mara moja. Safari hii aliiweka mitatu ya mwisho kwenye ndoo mahali pa baridi na kumwita daktari tena. Kwa maoni yangu huu ndio uamuzi bora wa msimu mzima, na ulifanyika kwa sababu alikuwa amechoka kukisia.

Mzoga wa kwanza ulikuwa wa yule aliyezaliwa amekufa. Kipande cha pafu lake kilizama majini, maana hakikuwahi kuingia hewa, na ncha za kwato zake bado zilikuwa na ule utando laini ambao mtoto huzaliwa nao. Wawili waliobaki walisimulia habari nyingine. Mapafu yao yalielea. Utando wa kwato ulikuwa umelika, ishara kwamba walitembea. Lakini tumbo lilikuwa tupu, hamna hata tone la maziwa yaliyoganda, na mafuta yanayozunguka figo yalikuwa yameisha, pamebaki kitu chekundu kinachoteleza.

Mwanakondoo huzaliwa na akiba ndogo ya mafuta ya kahawia ambayo mwili huyachoma ili kutengeneza joto. Akiba hiyo humfikisha saa tano hivi. Baada ya hapo joto lote hutegemea alichonyonya. Baridi ilikuwepo, ndiyo, ila iliwakuta watoto ambao tayari walikuwa na njaa.

Mzoga hauwezi kusema kwa nini mtoto hakunyonya, kwa hiyo daktari alihamia kwa majike. Aliwagusa migongo wale 17 ambao hawajazaa. Wengi walikuwa chini ya alama 2 na nusu. Wachache walikuwa kwenye alama ya 4. Kundi moja, malisho yale yale, hori lile lile. Kisha akakamua chuchu za jike mmoja aliyezaa siku hiyo: dang'a, yaani maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, ilitoka kidogo, nzito kama asali, na chuchu moja ilikuwa bado imezibwa na nta yake, haijafunguliwa na mtoto wala na mtu.

Walichobadilisha, na kwa nini

Mabadiliko yalikuwa kadhaa kwa wakati mmoja, jambo linalofanya uchambuzi kuwa mgumu, lakini hakuna mfugaji mwenye mizoga ndooni atakayejaribu kimoja kimoja.

Majike 17 waligawanywa kwa mkono, si kwa macho. Waliokonda walipata hori lao na chakula cha nguvu mara mbili kwa siku, kikiongezwa polepole, maana nafaka nyingi za ghafla huchachua tumbo na kuua haraka kuliko njaa. Walionenepa walibaki na nyasi kavu nzuri na nyongeza ndogo; hao nao hawakunyimwa, kwa sababu jike mnene aliyekatiwa chakula mwishoni mwa mimba huangukia ugonjwa ule ule wa ketoni.

Pembeni mwa zizi vilitengwa vyumba vitatu vidogo, kila kimoja karibu mita moja na nusu kwa moja na nusu. Jike na watoto wake walikaa humo siku moja hadi mbili, wajuane kwa harufu, na mtu aweze kuona nani ananyonya.

Badiliko kubwa lilikuwa kanuni ya saa mbili. Kabla ya saa mbili tangu kuzaliwa, chuchu zote mbili zikamuliwe kidogo hadi nta itoke, na tumbo la kila mtoto lishikwe. Lililojaa huonekana kwa kidole. Tupu limeingia ndani nyuma ya mbavu. Ambaye hajashiba anyweshwe dang'a kwa mrija, mililita 50 kwa kila kilo ya uzito, yaani 200 kwa mtoto wa kilo 4, na jumla ya siku ya kwanza ifike mara nne ya hiyo. Haraka hii si ya joto peke yake. Kinga ya mama haivuki kondo la nyuma; mwanakondoo huipata kwenye dang'a tu, na utumbo wake huipitisha vizuri katika saa za mwanzo, kisha mlango unazidi kufungwa hadi kufikia saa 24 hivi.

Hapo palitokea ubishi. Kijana aliogopa kwamba watoto wote wakinyweshwa kwa mrija wataacha kunyonya na mama watawasahau. Mwenye shamba alitaka wote wanyweshwe, asiachwe hata mmoja kwa bahati. Walikubaliana katikati: mrija ni kwa aliyekutwa na tumbo tupu, na hurudishwa kwa mama papo hapo. Daktari aliwaonyesha kupima mrija kwa nje, kutoka mdomoni hadi ubavu wa mwisho, na akawawekea mpaka mmoja: asiyeweza kuinua kichwa asiwekewe mrija, kwa kuwa maziwa yataingia kwenye mapafu.

Kwa walio baridi, mkono uliachwa na kipimajoto kikachukua nafasi. Mwanakondoo mzima huwa na nyuzi 39 hadi 40. Aliye kati ya 37 na 39 hukaushwa, hunyweshwa, kisha hupashwa joto. Aliye chini ya 37 na amepita saa tano tangu azaliwe hupewa kwanza glukosi ya asilimia 20 kwa sindano ya tumboni, mililita 10 kwa kilo, ndipo apashwe. Ukimpasha kabla, mwili unaamka na kutafuta sukari ambayo haipo, ubongo unakosa, degedege linafuata. Ndivyo alivyokufa yule wa alfajiri. Sindano hiyo kijana alifundishwa na daktari ana kwa ana. Si jambo la kujaribu kwa kusikia.

Dang'a ya akiba ilikamuliwa kwa majike waliozaa mmoja na wana maziwa mengi, ikagandishwa katika vifuko vidogo, na ikayeyushwa kwenye maji ya uvuguvugu kila ilipohitajika. Maji yanayochemka huharibu kinga iliyomo.

Mwisho ni usingizi. Kijana aliacha kuamka kila saa, akawa anakagua kila baada ya saa tatu, na kila ukaguzi ulianzia kwa waliokwisha kuzaa. Daftari lilipata safu mpya: aliyezaliwa saa ngapi, ameshiba saa ngapi, nani ameshika tumbo.

Matokeo

Majike 17 walizaa watoto 26. Wawili walikufa. Mmoja alikuja kwa mkia, miguu yote ya nyuma imekunjwa mbele, katikati ya saa tatu ambazo hakuna aliyekuwa zizini. Alipokutwa alikuwa amekwisha kufa njiani. Wa pili alilaliwa na mama yake. Hakuna aliyekufa na tumbo tupu. Waliohitaji mrija walikuwa 9, na wengi wao waliuhitaji mara moja tu.

Yule aliyekataliwa wiki ya kwanza alilelewa kwa chupa. Baadaye jike aliyefiwa na mtoto wa mkia alipewa mmoja wa watatu wa jike mwingine: mtoto alipakwa maji ya uzazi ya yule aliyekufa, kichwani na mkiani, jike akiwa bado analamba sakafu. Alimkubali kabla ya asubuhi.

Wiki kadhaa baadaye, watoto wawili wa kundi la kwanza walivimba magoti. Kwenye kundi la kwanza vitovu havikuwa vimechovywa iodini mara kwa mara. Vijidudu hupitia hapo hadi kwenye viungo. Mmoja alipona kwa antibiotiki, mwingine alibaki akichechemea. Wa kundi la pili hakuonekana hata mmoja.

Uchambuzi

Tuanze na kilichowadanganya. Wote wawili walijua kuzalisha, na ujuzi huo ndio ulioelekeza usingizi wao. Kijana alikesha akisubiri uchungu, akamzalisha jike vizuri, kisha akaenda kulala kwa uchovu saa zile zile ambazo mtoto alihitaji mtu wa kumshika tumbo. Yule wa miguu mitatu ni mfano kamili: saa moja ya kazi ya kitaalamu, halafu hakuna aliyerudi kutazama kama amenyonya. Wafugaji tunapenda kusimuliana habari za mkono ulioingia ndani. Sijawahi kusikia anayesimulia jinsi alivyokamua nta ya chuchu.

Je, kilichookoa kundi la pili ni chakula au kanuni ya saa mbili? Kwa waliozaa siku chache baada ya kugawanywa, chakula hakikuwa na muda wa kubadilisha kitu. Karibu asilimia 70 ya uzito wa mtoto hujengeka katika wiki 6 za mwisho za mimba, na dang'a nayo hutengenezwa mwishoni mwa kipindi hicho. Huwezi kulipa deni la mwezi kwa siku nne. Ushahidi umo daftarini: wengi wa wale 9 wa mrija walizaliwa mwanzoni mwa kundi la pili. Waliozaliwa mwishoni, ambao mama zao walipata zaidi ya wiki mbili kwenye hori lao, karibu wote walinyonya wenyewe. Nasoma hivi: mrija uliokoa mwanzoni, chakula kikaupunguzia kazi mwishoni. Lazima niongeze kwamba usiku nao ulikuwa umepungua baridi, na kwamba hitimisho la njaa limetokana na mizoga miwili kati ya mitano. Wale watatu waliofukiwa hawakuangaliwa.

Onyo la mapema lilikuwa jike aliyejitenga. Kumpa dawa ya minyoo halikuwa kosa la kijinga. Historia ya shamba ilielekeza huko. Kilichokosewa ni baada ya uchunguzi. Jike anayekufa kwa ketoni mwishoni mwa mimba anatoa taarifa kuhusu hori, na majike wengine 27 walikuwa wanakula kwenye hori hilo. Pumba za nyongeza ziliwafikia waliokuwa kwenye alama ya 4, na hao hawakuwa na shida nazo.

Taa ya joto ilikuwa nia njema iliyotangulia kipimo. Kipimajoto kingewaambia nani apashwe, nani anyweshwe kwanza, na nani asiguswe kabla ya sindano.

Kuhusu mtoto wa mkia, kijana anaamini kwamba angekuwa anaamka kila saa angemkuta hai. Huenda. Bado nadhani saa tatu ulikuwa uamuzi sahihi kwa watu wawili, kwa sababu mtu aliyelala vipande vya saa moja kwa wiki tatu hashiki tumbo la mtoto wala haandiki daftari. Walipoteza mmoja kwa kuzaliwa vibaya. Kabla ya hapo walikuwa wakipoteza watano kwa njaa. Shamba lenye mtu wa tatu lisingelazimika kuchagua.

Jambo moja lilienda vizuri bila kuzungumzwa: glavu zilitumika kila mara, kondo la nyuma lilifukiwa, na binti mjamzito wa familia alizuiwa kuingia zizini. Baadhi ya vijidudu vinavyoharibu mimba za kondoo huharibu na za watu.

Mipango ya msimu unaofuata

Mengi yamekwisha kuamuliwa. Dume atapakwa rangi kifuani, na rangi itabadilishwa kila siku 17, ambazo ndizo mzunguko wa joto la jike, ili ijulikane nani atazaa lini. Migongo itaguswa wiki 8 kabla ya kuzaa, wakati bado kuna nafasi ya kurekebisha. Chanjo ya pepopunda na magonjwa ya jamii yake itarudiwa wiki 4 hadi 6 kabla, ili kinga iwemo kwenye dang'a. Majike wasio na meno wataondolewa kundini kabla ya kupandwa.

Lililobaki na ubishi ni muda wa dume. Kijana anataka aachwe siku 34 tu, mizunguko miwili, ili kuzaa kusirefuke na usingizi urudi mapema. Mwenye shamba anasema majike wote wakizaa ndani ya wiki tano, vyumba vitatu havitatosha, na watoto watatolewa kabla mama hawajawajua. Wanahesabu mbao za vyumba vingine viwili.